Kiatu Kinene cha Mkunga

Maji hayavunji kufuli. Maji hubeba, hulowesha, huozesha, na yakikasirika hung'oa mlango mzima na bawaba zake; lakini kufuli lililokatwa kwa tindo, likaachwa likining'inia kwenye pete yake, hiyo ni kazi ya mtu mwenye mikono miwili na haraka zake. Fundi Kushoto aliliona kufuli lake angali katikati ya barabara, tope limemfika vifundoni, akajua kabla hajafika kwamba mafuriko yamepita dukani kwake mara mbili.

"Wameingia," alisema.

"Nani?" aliuliza mkewe, Mama Pacha, aliyekuwa nyuma yake na ndoo kichwani.

"Si maji."

Wageni waliosikia jina la Fundi Kushoto walidhani anatumia mkono wa kushoto. Wapi! Alikuwa fundi viatu mwenye imani moja kubwa: kiatu kimoja hakiibiwi. Kwa hiyo kila jozi iliyoletwa kwake kutengenezwa aliitenganisha. Cha kushoto kilikaa rafu za mbele, kimepigwa rangi kinang'aa, kila mpita njia akione. Cha kulia kilipanda kwenye dari dogo la mbao alilolijenga mwenyewe chini ya bati, mahali ambapo hata mkewe hakufika bila ngazi. Mwizi akitaka kuiba, aibe. Mguu wa pili atavaa nini? Miaka yote hiyo hakuibiwa hata kamba ya kiatu, na kila alipopata msikilizaji alijisifu mpaka msikilizaji akakumbuka kwamba ana safari.

Siku mto ulipovunja kingo, mchana kweupe, yeye na mkewe walivisomba viatu vya kushoto wakavitia kwenye magunia mawili, wakayafunga midomo kwa kamba, wakayaning'iniza kwenye boriti. Kisha kila mmoja akabeba pacha wake mgongoni, wakakimbilia shule ya mlimani pamoja na watu wengine. Mpango ulikuwa mzuri, na maji hayakuyafikia magunia. Ila waliokuja baada ya maji walikuta mzigo umefungashwa, umefungwa kamba, umebaki kubebwa tu.

Ndani ya duka tope lilikuwa limetanda hadi kwenye rafu ya kwanza. Kamba mbili zilining'inia kwenye boriti, zimekatwa. Fundi alipanda ngazi, akachungulia darini. Viatu vya kulia vilikuwa vyote pale, vikavu, vimepangana kimya kama walivyoviacha. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka ngazi ikatikisika.

"Wameiba kushoto tupu! Mke wangu, mji huu una mtu mwenye magunia mawili ya viatu na hana pa kupeleka mguu wa kulia!"

Mama Pacha hakucheka. Alikuwa ameshika kiuno, anazitazama zile kamba.

"Kiatu cha Mkunga kilikuwa wapi?" aliuliza.

Kicheko kikamkauka Fundi mdomoni.

Mkunga wa mji ule alizaliwa na mguu wa kushoto mfupi kuliko wa kulia, mfupi kwa kiasi cha upana wa kiganja. Ujana wake wote alitembea kwa kuchechemea, mgongo ukimuuma mchana kutwa. Fundi ndiye aliyemtengenezea kiatu: soli nene ya tabaka kwa tabaka, ndani mti mwepesi, chini raba ya tairi iliyochongwa mifereji ili isiteleze kwenye sakafu iliyolowa, juu ngozi laini ya kushika kifundo. Alikichonga, akakijaribu, akakipunguza, akakiongeza, akakasirika, akaanza upya. Hatimaye mama yule alitoka mlangoni akatembea hadi barabarani, akageuka na machozi yanamtoka, akasema, "Fundi, leo mgongo wangu umenyamaza."

Tangu hapo hatua zake zilijulikana mji mzima: ko, ko, ko, sawasawa, bila haraka. Wanawake wenye uchungu walizisikia uani wakaanza kupumua vizuri. Mama Pacha mwenyewe, siku ya mapacha, alikuwa ameshaanza kuwaaga watu aliposikia hatua zile zikivuka kizingiti. Akasema moyoni, haya, sifi tena. Na kweli hakufa, na watoto wake wawili wako pale wanarushiana tope.

Sasa kiatu hicho kililetwa kubadilishwa raba siku chache kabla ya mafuriko, na mwenyewe akabaki na cha zamani. Kawaida Fundi alikiweka darini pamoja na mwenzake, maana si kiatu cha kuchezewa. Safari hii alikiacha mbele. Kwa nini? Kwa majivuno tu. Alipenda watu wakisimama wakiuliza, "Hiki nacho ni cha nani?" ili aanze kuwaeleza. Walipofungasha kwa haraka, kiatu cha Mkunga kikaingia guniani pamoja na ndara na buti za watu.

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, ndivyo wasemavyo. Kuhusu kuwaibia viatu hawakusema lolote, labda kwa sababu hakuna aliyedhani binadamu angefikia huko. Kutengeneza kingine nako kulikuwa kugumu. Kalibu, yaani mfano wa ule mguu aliouchonga kwa mti, ulikuwa umekwenda na maji. Msharasi wa kutobolea ngozi, nyundo, chuma cha kugongea, vyote vilikuwa vimekwenda, ama na maji ama na wale wengine.

Wakiwa bado wamesimama, akaingia kaka yake Mama Pacha, seremala mwenye mabega mapana na hasira za karibu. Rungu mkononi.

"Shemeji," alimwambia Fundi, "nimesikia. Nimeshapata vijana. Tunaingia nyumba kwa nyumba. Atakayekutwa na kiatu cha kushoto atabaki na mguu wa kulia peke yake."

"Twende," alisema Fundi. Alikuwa na hasira kweli, na hasira za mpole zikiamka hazijui pa kusimama.

Hawakufika mbali. Hata kabla hawajatoka barazani walisikia barabarani kitu kinagonga, halafu kinaburuzika, kinagonga, kinaburuzika. Alikuwa Mkunga na fimbo. Kiatu chake cha zamani kilikuwa kimeyeyuka kwenye maji, tabaka zimeachana kama kitabu kilicholowa, na sasa mguu wa kushoto ulikuwa peku, unakanyaga kwa vidole tu.

"Shikamoo, mama," walisema pamoja.

"Marahaba, wanangu. Hilo rungu la nini? Mna ng'ombe?"

Fundi alimweleza, macho yake yakitazama chini. Mkunga alikaa kwenye kizingiti taratibu, mkono mmoja mgongoni. Uso wake ulionyesha wazi kwamba habari ile imemchoma, na wala hakujaribu kuuficha.

"Mnakwenda kukitafuta nyumba zipi?" aliuliza mwishowe.

"Kule bondeni," alisema seremala. "Ndiko waliko."

"Ndiko waliko wajawazito wangu pia. Nisikilize, baba. Mkiingia leo na marungu, kesho nikibisha hodi mimi, watu watakumbuka kiatu cha nani kilisababisha wakapigwa. Watanifungia mlango. Halafu nani atawazalisha wake zao? Wewe?"

Seremala aliitazama mikono yake. "Mimi natengeneza vitanda tu, mama."

"Basi tengeneza vitanda."

Rungu likawekwa nyuma ya mlango, na likakaa huko.

Jioni ile familia ya Fundi ilikaa uani, maana chumba kilikuwa bado kimelowa. Walikuwa wamefunga turubai kutoka ukutani hadi kwenye mti wa kamba ya nguo, na chini yake Mama Pacha alikuwa akipepea moto na kuwalaani wezi kwa zamu, wa viatu, wa gunia la mchele la sokoni, mmoja mmoja, na uzao wao.

"Watu wasio na haya! Mwenzako amefikwa na msiba, wewe unaona ndiyo sokoni! Mimi siwezi kugusa cha mtu, hata kama..."

"Mama Pacha."

"Nini?"

"Hebu tazama juu."

Mama Pacha akatazama juu. Kwenye pembe ya turubai palikuwa na alama ya rangi nyekundu, nyundo mbili zilizopishana. Ilikuwa alama ya Mzee Misumari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyepewa jina hilo kwa sababu alikuwa tayari kumuuzia mtu msumari mmoja mmoja. Siku ya mafuriko walipita mbele ya duka lile, mlango umeshang'oka, mvua inamwagika, mapacha wanatetemeka meno yakigongana. Fundi aliingiza mkono akavuta turubai la juu kabisa. Hakuliita wizi. Hakuliita chochote, aliwafunika watoto, wakapanda mlima.

"Hilo ni tofauti," alisema Mama Pacha. "Watoto walikuwa na baridi."

"Ndiyo. Na yule aliyebeba gunia la mchele, watoto wake walikuwa na nini?"

Mama Pacha alipepea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

"Lakini viatu vya kushoto haviliwi," alisema baadaye.

"Hapo umenishinda," alisema Fundi.

Asubuhi alilifungua turubai, akalisugua, akalianika. Lilipokauka akalikunja pembe kwa pembe, akalibeba kwenda kwa Mzee Misumari. Njiani alipanga maneno yake kama mtu anayekwenda kuposa. Mzee alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakwangua tope kwenye misumari, na alikuwa na uso wa mtu asiyetaka kusalimiwa.

"Shikamoo, mzee. Nimeleta turubai lako. Maji yalipokuja, mimi nili..."

"Maji yamelileta kwako?" mzee alimkatiza.

Mzee alilipokea turubai, akapitisha kidole kwenye pembe zilizokutana sawasawa.

"Maji ya mwaka huu yanajua kukunja," alisema. "Watoto wamepona baridi?"

"Wamepona, mzee."

"Basi lilifanya kazi yake. Asante kwa kulirudisha. Wenzako maji yao bado hayajajua njia." Akainama, akachomoa nyundo chini ya meza, akamkabidhi. "Nimesikia huna nyundo. Utanirudishia ukipata yako."

Fundi alirudi nyumbani mwepesi, nyundo mkononi. Alikuwa amesamehewa hata kabla ya kuomba, na akaona kwamba kama angelazimishwa kuomba mbele za watu, pengine turubai lile lingebaki uani kwake mpaka lichanike.

Hapo ndipo lilipomjia wazo ambalo Mama Pacha aliliita ujinga, na tutaona kama alikosea. Fundi alivishusha viatu vyote vya kulia kutoka darini, akavipangusa vumbi, akavipanga barazani vikitazama barabara. Kando ya kila kimoja akaacha nafasi ya mwenzake. Kisha akaenda na mkewe kwenye foleni ya maji ya kunywa, mahali ambapo habari husambaa haraka kuliko mbu, akasema kwa sauti: "Jamani, kama maji yameleta kiatu cha kushoto mlangoni kwa mtu, akiweke tu barazani kwangu kando ya mwenzake. Hakuna atakayeulizwa maji yalipita wapi."

"Maji yana tindo ya kukatia kufuli?" mkewe alimuuliza waliporudi.

"Ya mwaka huu yanayo."

Kesho yake asubuhi Fundi aliamka na matumaini, akatoka barazani, akahesabu. Hakuna kiatu kilichorudi. Isitoshe, vya kulia vitatu havikuwepo. Wenye vya kushoto walikuwa wamekuja kukamilisha jozi zao.

Mama Pacha aliyaona mapengo yale, akaenda jikoni akasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Seremala alipita, akaona, akaulizia rungu lake. Lakini Mkunga alipofika na fimbo yake, alisimama, akatazama mapengo, akaanza kucheka polepole, halafu kwa nguvu, mpaka akashika nguzo.

"Basi leo kuna watu watatu mjini wamevaa viatu kamili," alisema akijifuta macho. "Panga tena, Fundi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

Akapanga tena. Na kwa kuwa hakuweza kukaa bure, akaanza kuvitengeneza vile vya kulia: hiki anakigonga kisigino kwa nyundo ya kuazima, kile anakishona kwa sindano ya magunia, kingine anakipaka rangi. Alipomaliza kila kimoja alikirudisha mahali pake, kimetakata, kando ya pengo lake. Wenyewe walipopita waliviona viatu vyao, wakasimama kidogo wakavitazama, wakaondoka wakisema pole.

Wa kwanza kuja alikuwa muuza mkaa. Alipita mara moja akienda, mara ya pili akirudi, mara ya tatu akasimama na kutoa ndara ndani ya kapu.

"Nimeikuta mtaroni," alisema. Ndara yenyewe ilikuwa kavu, safi, haina hata chembe ya tope.

"Asante sana, mama. Mwenye nayo atafurahi," alisema Fundi, na uso wake haukucheza.

Akafuata mwingine: kiatu kilikuwa juu ya mti. Mwingine: mbwa wake ndiye aliyekileta, mbwa mwenye tabia hizo. Mlinzi wa kinu cha kusaga alileta buti akasema lilielea likaingia dirishani. Dirisha la kinu kile lilikuwa juu, kibandani hakuna maji yaliyofika. "Maji hayo!" alisema Fundi akitikisa kichwa. "Asante, ndugu yangu." Kila mmoja alipewa asante yake kamili, kwa mikono miwili. Hata wale watatu waliokamilisha jozi, wawili walirudisha vyote, na wa tatu akaja mchana kweupe amevaa viatu vya watu akiomba abadilishiwe soli. Fundi akambadilishia, kwa sababu alishindwa kupata maneno. Mtu yule aliondoka hadi kona, akarudi peku na viatu mkononi, akaviweka kwenye mstari.

Baraza likajaa. Wenyewe wakaja kuchukua viatu vyao, na Fundi aliona kwamba mtu aliyepoteza godoro, sufuria na kuku wake wote anaweza kulia kwa furaha kwa sababu ya viatu alivyoshavisahau. Hata Mama Pacha alianza kuchungulia, na msharasi uliporudi, umefungwa kwenye karatasi na kuwekwa kimyakimya juu ya kizingiti, alisema, "Hawa watu nao," kwa sauti ambayo haikuwa ya kulaani.

Mwisho wa mstari palibaki kiatu kimoja cheusi cha kulia, cha kike, chenye soli ya kawaida. Pengo lake lilikuwa pana kuliko mengine.

Kwa kuwa kiatu hakikuja, Fundi aliazima mkokoteni wa shemeji yake akawa anamsukuma Mkunga kwenda kwa wajawazito wake. Mkunga alikaa juu ya gunia lililokunjwa, kikapu mapajani, akiwasalimia watu kama mgeni rasmi. "Tazameni," aliwaambia, "nimepata gari na dereva." Lakini Fundi alikuwa nyuma, aliona jinsi alivyoshuka, jinsi alivyouma midomo kila alipoanza kutembea, na usukani wa gari lile ulimwelemea kwa aibu.

Mchana mmoja wakaitwa bondeni, kwa kijana mchukuzi wa mizigo. Mkewe alikuwa anajifungua kwa mara ya kwanza. Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja, mstari wa maji umechorwa ukutani kufika kifuani, sakafu bado ina madimbwi. Fundi alimshika Mkunga mkono kuvuka kizingiti, akaingiza kikapu, akainama kukiweka chini. Hapo ndipo alipokiona.

Kitanda kilikuwa na miguu mitatu. Mahali pa mguu wa nne, chini ya pembe ambayo yule mzazi aliiegemea kwa uzito wake wote, palikuwa na kiatu cha Mkunga. Soli yake nene, raba yake ya mifereji, vimekamata sakafu iliyolowa.

Fundi aliinuka, damu imempanda kichwani. Mkunga alikuwa anakitazama kilekile. Alikitazama kidogo, kisha akamtazama Fundi.

"Toka nje, baba," alisema kwa upole. "Na kitanda hiki kisiguswe na mtu mpaka nimalize."

Fundi akatoka. Kijana alikuwa ukutani nje, amechuchumaa. Aliinua macho, akauona uso wa Fundi, akajua. Fundi akachuchumaa kando yake. Neno mwizi lilimfika Fundi kwenye ncha ya ulimi. Lakini ndani mama alilia, kitanda kikagumia, na Fundi akajikuta ameshika magoti yake, anaomba kimoyomoyo ile soli ishike. Kila kitanda kilipogumia, aliomba tena. Alizisikia pia hatua za Mkunga akizunguka kitanda, fimbo na kuburuta, fimbo na kuburuta, mwanamke anayefanya kazi ya miguu miwili kwa mguu mmoja na nusu, huku nusu nyingine ikiwa imebeba kitanda. Akalia Fundi, wala hakujificha.

Soli ikashika. Mtoto akapiga kelele ya kwanza, kali, ya mtu aliyekuja na malalamiko yake tayari. Mkunga alitokea mlangoni anajifuta mikono.

"Msichana," alisema. "Na mama yake mzima. Mshukuruni Mungu."

Kijana alianguka kifudifudi pale pale kwenye tope.

Njiani, akisukuma mkokoteni, Fundi alishindwa kuvumilia. "Ulikiona, mama. Tumekiacha."

"Ulitaka nimwinamishe mzazi kichwa chini kwa ajili ya kiatu? Kimekaa kule siku zote hizi. Akilala vizuri leo, mimi nitatembea kesho."

Fundi alipitia moja kwa moja kwenye karakana ya shemeji yake. "Tengeneza mguu wa kitanda," alimwambia.

"Wa nani?"

"Wa bondeni."

Seremala alimtazama, akamwangalia na Mkunga juu ya mkokoteni, akachukua randa bila kuuliza tena.

Kesho yake, jua likiwa limeanza kukausha tope la barabarani, Fundi alikuwa barazani na Mkunga, na seremala amekuja kuonyesha mguu mpya wa kitanda, mti mzuri, ameulainisha kuliko ilivyohitajika. Watu wawili watatu walikuwa wamekuja kuchukua viatu vyao. Kijana mchukuzi akaja akitembea katikati ya barabara, kitu kimefungwa kwenye kitambaa, amekishika kwa mikono miwili. Akakifungua. Kiatu kilikuwa kimeoshwa, kimepakwa mafuta ya kupikia, kinanukia chapati.

Alichotakiwa kufanya kilikuwa chepesi, mji mzima ulishakifanya: akiweke kando ya mwenzake, ataje maji, apewe asante, aende. Aliinama.

"Maji..." alianza. Akanyamaza. Akasimama tena wima. "Hapana. Si maji, mama. Ni mimi."

Wenye viatu waligeuka kumtazama.

"Nilikuwa mmoja wao. Tulidhani ni viatu vya kuuza. Tulipofungua magunia tukaona kushoto tupu, tukatupiana lawama. Hiki hakuna aliyekitaka. Mimi kitanda changu kilivunjwa mguu na maji, na mke wangu na mimba ile hawezi kulala chini penye maji. Niliweka matofali, yakateleza. Hiki hakikuteleza."

Fundi alijaribu kutojivuna. Alijaribu sana.

"Na uliposikia ni cha nani?" aliuliza seremala.

"Nilisikia pia una rungu, kaka."

Seremala akautazama ule mguu wa kitanda mkononi mwake, akakohoa. "Sasa kitanda umekiegemeza na nini?"

"Shemeji yangu amekaa chini, anakishikilia mpaka nirudi."

"Ala!" Seremala alishaanza kutembea. "Mtu wa watu! Shemeji hatendewi hivyo!" Na akashika njia ya bondeni kwa kasi, mguu wa kitanda begani.

Walipomaliza kucheka, kijana alikuwa bado amesimama, machozi yanamtiririka. Mkunga alinyoosha mkono akakichukua kiatu chake, akakigeuza, akakipapasa soli.

"Mtoto amelala?"

"Amelala, mama."

"Amenyonya?"

"Amenyonya."

"Basi kiatu changu kiliwahi kazini kabla yangu, ndiyo yote. Asante kwa kukileta, mwanangu. Na asante kwa kusema."

Fundi alipiga magoti, akamvalisha, akafunga kamba, akakaza kifundo mahali alipopajua kuliko alivyokijua kiganja chake. Mkunga aliiegemeza fimbo ukutani, akainuka.

Jikoni Mama Pacha alikuwa ameinamia moto, hana habari. Akasikia. Ko, ko, ko, kutoka upande mmoja wa baraza hadi mwingine, sawasawa, bila haraka. Aliacha kupepea. Alibaki ameinama vilevile, machozi yanadondokea majivuni, mpaka hatua zilipogeuka na kurudi. Kisha akaongeza maji kwenye sufuria ya chai, akachungulia kuona barazani wako wangapi, akashusha vikombe, na cha yule kijana wa bondeni akakitia sukari mara mbili.